Mashina Yanayopita, Mizizi Inayobaki: Ikolojia ya Misitu ya Aspeni Yenye Vichaka katika Milima ya Magharibi mwa Marekani

Ikisiri

Makala haya yanaeleza ikolojia ya misitu ya aspeni (Populus tremuloides) yenye tabaka la vichaka chini yake, katika milima ya magharibi mwa Marekani. Hoja kuu ni kwamba uhai wa misitu hiyo hautambuliki kwa kuhesabu miti mikubwa iliyosimama, kwa kuwa miti hiyo ni mashina ya muda yanayotokana na mizizi inayodumu. Unatambulika kwa machipukizi machanga yanayofaulu kupita kimo ambacho wanyama hukifikia kwa midomo, na kwa hali ya vichaka vinavyoishi pamoja nayo. Hoja hiyo inajengwa kwa mifano mitatu: kloni ya Pando iliyoko Utah, Hifadhi ya Taifa ya Yellowstone, na vifo vya aspeni vilivyofuata ukame wa mwaka 2002 huko Colorado. Mwishoni, makala yanapendekeza vipimo ambavyo watafiti na washauri wa sera wanaweza kuvitumia kuutofautisha msitu unaoendelea na msitu uliosimama tu.

1.0 Utangulizi

Sera nyingi za misitu huanza na swali la eneo: ni hekta ngapi zimefunikwa na miti? Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO), ambalo takwimu zake hutumiwa na nchi zetu zote, huutambua msitu kuwa ni ardhi inayozidi nusu hekta, yenye miti inayozidi mita 5 kwa urefu na paa la majani linalofunika zaidi ya asilimia 10 ya ardhi hiyo, au miti inayoweza kufikia viwango hivyo hapo ilipo. Fasili hii ina manufaa makubwa, kwani huwezesha nchi moja kulinganishwa na nyingine. Hata hivyo, inapotumika katika picha za angani, kinachoonekana kwa urahisi ni paa. Kilicho chini ya paa hakionekani, na huko chini ndiko msitu wa kesho ulipo.

Misitu michache huliweka wazi tatizo hili kama ile ya aspeni. Aspeni ya Amerika ni mti ulioenea kuliko mti mwingine wowote wa asili barani Amerika Kaskazini: unapatikana kuanzia Alaska hadi milima ya Meksiko. Katika maeneo makavu ya magharibi mwa Marekani, aspeni hukaa milimani ambako theluji huleta unyevu wa kutosha, hasa katika majimbo ya Colorado na Utah, kwa kiasi kikubwa kati ya mita 2,000 na 3,000 juu ya usawa wa bahari. Pale udongo unapokuwa mzito na wenye unyevu, chini ya miti hiyo huota vichaka vingi pamoja na nyasi na maua ya porini. Aina hiyo ya msitu, yaani aspeni juu na vichaka chini, ndiyo inayojadiliwa hapa.

Makala yanaanza kwa kueleza namna aspeni inavyozaliana, kisha yanaeleza kazi za tabaka la vichaka. Baada ya hapo yanachambua nguvu tatu zinazoamua hatima ya msitu huo, ambazo ni moto, wanyama walao majani na ukame, kabla ya kurejea kwenye suala la vipimo. Neno kulungu limetumika hapa kwa wanyama wa familia ya Cervidae, ambao kiasili hawapatikani Afrika Mashariki. Halimaanishi kulungu tunayemfahamu katika misitu yetu.

2.0 Aspeni: mzizi mmoja, mashina mengi

Jina la kisayansi la mti huu linatokana na kutetemeka. Kikonyo cha jani lake kimebonyea ubavuni, hivyo hata upepo mwepesi hulitikisa jani. Gome lake ni jeupe lenye rangi ya kijani kwa mbali. Kijani hicho ni klorofili, nayo huuwezesha mti kufanya usanisinuru kupitia gome hata kabla majani hayajachanua. Sifa hizo ndizo zinazouvutia macho. Sifa inayoitawala ikolojia yake, hata hivyo, iko ardhini.

Mizizi ya aspeni husambaa kwa mlalo karibu na uso wa ardhi. Kutoka kwenye mizizi hiyo huchipuka mashina mapya yenye jenetiki ileile ya shina lililotangulia. Kundi la mashina yanayotokana na mmea mmoja wa mwanzo huitwa kloni. Mtu anayetembea katika kloni huona mamia au maelfu ya miti, ilhali kijenetiki anatembea ndani ya kiumbe kimoja. Katika majira ya vuli mipaka ya kloni hujionesha yenyewe: majani ya kloni moja hugeuka manjano kwa pamoja, wakati jirani yake bado ni ya kijani.

Uchipuaji huo unaongozwa na uwiano wa homoni. Vikonyo vya juu ya mti hutengeneza auksini, ambayo hushuka hadi mizizini na kuzuia machipukizi yasitoke. Mizizi nayo hutengeneza sitokinini, ambayo huchochea machipukizi. Mti mkubwa ukiwa na afya, auksini hutawala na machipukizi huwa machache. Mti ukiungua, ukikatwa au ukifa ghafla, auksini hukatika, na mizizi ikiwa bado hai hutoa machipukizi kwa wingi. Jua linalofika kwenye udongo uliofunuliwa huupasha joto na kuongeza kasi ya uchipuaji. Baada ya moto mkali idadi ya machipukizi inaweza kufikia makumi ya maelfu kwa hekta moja.

Aspeni huzaa mbegu pia, na kwa wingi mno, lakini mbegu hizo ni ndogo, hudumu kwa muda mfupi, na huhitaji udongo mtupu wenye unyevu mfululizo. Hali hiyo ni adimu katika milima yenye kiangazi kikavu. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba magharibi mwa Marekani uzaliano wa mbegu ulikuwa umekoma kabisa. Moto wa mwaka 1988 katika Hifadhi ya Yellowstone ulilisahihisha dhana hiyo, kwa kuwa miche iliyotokana na mbegu iliota katika maeneo mengi yaliyoungua, mengine yakiwa mbali na aspeni zilizokuwepo awali. Hata hivyo, katika miaka ya kawaida urithi wa msitu hutegemea mizizi.

Matokeo ya biolojia hiyo ni muhimu kwa yeyote anayepanga sera. Shina la aspeni katika milima hiyo mara nyingi halidumu zaidi ya miaka 150, lakini mzizi unaweza kudumu vizazi vingi vya mashina. Umri wa kloni, basi, hauwezi kusomwa katika pete za shina lolote. Vilevile, mzizi hauna hazina isiyokwisha. Huishi kwa chakula kinachotengenezwa na majani. Machipukizi yakiliwa kila mwaka na mashina ya zamani yakizidi kufa, mzizi hutumia akiba yake bila kupata mbadala, hadi kloni nzima inatoweka. Tofauti na mti wa mbegu, kloni iliyotoweka haiachi akiba ardhini.

3.0 Tabaka la vichaka na kazi zake

Paa la aspeni hupitisha mwanga mwingi kuliko paa la misonobari. Majani yake yanayoanguka yana virutubisho na huoza haraka, hivyo udongo wa juu huwa mweusi, wenye mboji nyingi. Wakati wa baridi mti hauna majani, na theluji hufika ardhini badala ya kunaswa matawini na kupotea hewani. Mwanga, mboji na maji ya theluji ndivyo vinavyozaa utajiri wa mimea ya chini ambao misitu ya misonobari ya jirani haina.

Vichaka vinavyotawala hutofautiana kulingana na mahali. Miongoni mwa vilivyo vifupi ni Symphoricarpos oreophilus, wenye matunda meupe, pamoja na waridi wa porini (Rosa woodsii) na Mahonia repens unaotambaa. Miongoni mwa virefu ni Amelanchier alnifolia na Prunus virginiana, ambavyo matunda yake yamekuwa chakula cha jamii za wenyeji kama Waute na Washoshone, na bado huliwa na dubu na ndege. Mahali pengine hupatikana Shepherdia canadensis, ambao mizizi yake hushirikiana na bakteria wa jenasi Frankia kuingiza naitrojeni ya hewani katika udongo. Walter Mueggler, aliyeainisha jamii za aspeni za ukanda huo katika kazi iliyochapishwa mwaka 1988 na Idara ya Misitu ya Marekani, alizitenganisha jamii hizo kwa kuangalia mimea ya chini: kama kuna vichaka virefu, kama kuna vifupi, au kama kuna nyasi na maua pekee. Mti wa juu ni uleule. Kinachotofautisha mahali na mahali ni kilicho chini yake.

Kazi za tabaka hili zinaweza kupangwa katika makundi manne. Kwanza, ni kielelezo cha unyevu na rutuba, kwa sababu vichaka virefu kwa kawaida huashiria udongo wenye kina na maji. Pili, ni ghala la chakula cha wanyama wengi katika majira tofauti: majani mwanzoni mwa kiangazi, matunda mwishoni mwake, na vitawi wakati wa baridi. Tatu, ni mshindani wa machipukizi ya aspeni, kwa kuwa vichaka vilivyosongamana huyapunguzia mwanga na kuuzuia udongo usipate joto. Nne, ni kumbukumbu ya malisho. Mahali palipolishwa mno kwa miaka mingi, mimea inayopendwa na wanyama hupungua, na nafasi yake huchukuliwa na ile wasiyoipenda au inayostahimili kukanyagwa, kama Rudbeckia occidentalis na nyasi ngeni Poa pratensis. Mtaalamu anayesoma orodha ya mimea ya chini husoma historia ya mifugo na wanyamapori wa mahali hapo.

Uhusiano kati ya aspeni na vichaka hauishii katika kushindania mwanga. Gretchen Daily, Paul Ehrlich na Nick Haddad (1993) walionesha jambo hilo kwa utafiti uliofanyika katika milima ya Colorado. Kigogota aina ya Sphyrapicus nuchalis huchimba tundu la kiota katika aspeni ambazo moyo wake umelainishwa na kuvu Phellinus tremulae. Ndege huyohuyo hutoboa magome ya vichaka vya mierebi (Salix) ili anywe utomvu wake. Matundu anayoyaacha hutumiwa na ndege wengine wasioweza kuchimba, na visima vyake vya utomvu hutembelewa na wadudu, ndege na wanyama wadogo. Aspeni isipokuwa karibu na mierebi, au ikikosa kuvu, mnyororo huo hukatika. Funzo lake ni kwamba mti mkubwa ulio hai hautoshi. Unahitaji kuvu ndani yake na kichaka kando yake.

4.0 Moto, misonobari na njia mbili za msitu

Si misitu yote ya aspeni hufuata njia moja. Ipo ile ambayo wanaikolojia huiita ya mpito. Humo, aspeni hutangulia baada ya moto, kisha misonobari inayostahimili kivuli, kama Abies lasiocarpa na Picea engelmannii, huota chini yake na hatimaye kuifunika. Ipo pia misitu ya kudumu, ambayo hujirithisha yenyewe bila misonobari kuingia; humo shina moja linapoanguka, pengo lake hujazwa na machipukizi machache, na msitu huwa na mashina ya umri mchanganyiko.

Tofauti hii hubadili maana ya moto. Katika misitu ya mpito, moto ndio unaoirudisha aspeni madarakani: huua misonobari, ambayo haichipui, na kuiachia mizizi ya aspeni nafasi. Vichaka vingi vilivyotajwa hapo juu navyo huchipua upya kutoka sehemu zao za ardhini. Kwa hiyo aspeni na vichaka vyake hurejea pamoja, kama majirani waliokuwa wamejificha chini ya nyumba moja. Katika karne ya 20, sera ya kuzima kila moto iliipa misonobari muda mrefu wa kuenea, na katika maeneo mengi vivuli vyake vilivifukuza vichaka kabla hata ya aspeni kufa.

Lakini katika misitu ya kudumu hoja ya kwamba aspeni lazima iungue ili iishi haina msingi, na ikigeuzwa kuwa agizo la jumla inaweza kuleta hasara. Isitoshe, msitu wa aspeni wenye mimea ya chini iliyojaa maji hauwaki kwa urahisi. Mara nyingi moto unaotoka katika misonobari hupungua nguvu unapoufikia. Ndiyo maana swali la kwanza la meneja wa msitu linapaswa kuwa: je, huu ni msitu wa mpito au wa kudumu? Jibu haliko kwenye paa. Liko katika umri wa mashina na katika kile kinachoota chini.

5.0 Wanyama walao majani

5.1 Pando

Katika Msitu wa Taifa wa Fishlake, jimboni Utah, kwenye mwinuko wa takriban mita 2,700, kuna kloni dume inayojulikana kwa jina la Pando, neno la Kilatini lenye maana ya "natandaa". Kloni hiyo inafunika takriban hekta 43, ina mashina yanayokadiriwa kuwa 47,000, na uzito wake unakadiriwa kuwa tani 6,000 hivi. Ilitambuliwa na watafiti katika miaka ya 1970, ikapewa jina lake mwaka 1992, na uchambuzi wa jenetiki uliochapishwa mwaka 2008 ukathibitisha kuwa ni kiumbe kimoja. Kwa uzito, ni mojawapo ya viumbe vikubwa kuliko vyote vinavyofahamika duniani.

Mtu akiipima Pando kwa eneo, ataiona ikiwa salama. Lakini Paul Rogers na Darren McAvoy (2018), walipochunguza ndani yake na kulinganisha picha za angani zilizopigwa katika kipindi cha miaka 72, waliona sura nyingine. Sehemu kubwa ya kloni ilikuwa na mashina yaliyozeeka yakiendelea kufa, na chini yake hakukuwa na warithi. Mizizi ilikuwa bado inatoa machipukizi, ila yalikuwa yakiliwa, hasa na kulungu wa aina ya Odocoileus hemionus, na kwa kipindi kifupi kila mwaka na ng'ombe walioruhusiwa kulishwa humo.

Uzio ulitoa ushahidi wa namna yake. Sehemu iliyozungushiwa uzio imara mwaka 2013 ilipata ongezeko la machipukizi, hasa palipofanyika pia uchomaji, ukataji wa baadhi ya mashina au uondoaji wa vichaka vya mreteni (Juniperus communis) vilivyokuwa vikishindana nayo. Sehemu ya pili, iliyozungushiwa uzio mwaka uliofuata, haikufanya vizuri, kwa sababu kulungu waliweza kuingia. Mizizi ni ileile na mvua ni ileile. Kilichotofautiana ni midomo iliyofika. Ni vyema kusisitiza kuwa uzio huchelewesha tatizo bila kulitatua. Uzio unaodumu milele hugeuza msitu kuwa bustani, na huwahamishia kulungu kwa jirani. Tiba ya kudumu ni kupunguza idadi ya wanyama au muda wanaokaa hapo, na hilo ni suala la sera kabla ya kuwa la ikolojia.

5.2 Yellowstone

Mfano wa Yellowstone unafahamika zaidi, na kwa hiyo unahitaji tahadhari zaidi. Mbwa mwitu wa kijivu (Canis lupus) walimalizwa katika hifadhi hiyo katika miaka ya 1920. Miongo iliyofuata ilikuwa na kulungu wakubwa waitwao elki (Cervus canadensis) wengi, na utafiti wa pete za miti uliofanywa na William Ripple na Eric Larsen (2000) ulionesha kuwa tangu kipindi hichohicho karibu hakuna aspeni mpya zilizofika kwenye paa la msitu upande wa kaskazini mwa hifadhi. Miaka ya 1995 na 1996 mbwa mwitu 31 waliletwa kutoka Kanada. Elki wa kundi la kaskazini, waliozidi 15,000 katikati ya miaka ya 1990, walipungua hadi chini ya 5,000 kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2010. Katika baadhi ya maeneo aspeni changa na vichaka vya matunda vilianza kurefuka.

Kutokana na mlolongo huo ilijengeka simulizi rahisi kwamba mbwa mwitu waliuponya msitu. Simulizi hiyo ina ukweli ndani yake, lakini inazidi ushahidi. Elki walipungua pia kwa sababu ya dubu, duma wa milimani, wawindaji nje ya hifadhi na ukame. Zaidi ya hayo, kupungua kwa elki kumekwenda sambamba na kuongezeka kwa nyati wa Amerika, nao pia hula na kuvunja aspeni changa.

Jambo lenye uzito zaidi kwa watafiti ni namna urejeo ulivyopimwa. Tafiti kadhaa zilichagua machipukizi matano marefu zaidi katika kila kichaka cha aspeni, kwa hoja kwamba hayo ndiyo yatakayofika juu. Elaine Brice, Eric Larsen na Daniel MacNulty (2022) walilinganisha njia hiyo na sampuli ya nasibu kwa data ya takriban miaka 20, wakaona kuwa njia ya marefu matano ilikuza kiwango cha urejeo kwa mara 4 hadi 7. Sababu ni dhahiri ikishaelezwa: aliyechagua marefu amekwisha kuchagua yaliyonusurika, na maeneo yasiyo na mrithi hata mmoja hayakuhesabiwa ipasavyo. Urejeo upo, ila ni mdogo na wa mahali na mahali. Hitilafu ya sampuli inaweza kuzaa sera sawa na inavyozaliwa na ukweli, na sera hiyo ikishazaliwa ni vigumu kuirudisha.

6.0 Ukame wa mwaka 2002

Mfano wa tatu hauhusu midomo. Mwaka 2002 Colorado ilipata ukame mkali ulioambatana na joto la juu. Miaka miwili baadaye aspeni zilianza kufa kwa haraka isiyo ya kawaida, na kufikia mwaka 2008 madhara yalikuwa yameonekana katika takriban hekta 220,000, sawa na asilimia 17 hivi ya misitu ya aspeni ya jimbo hilo. James Worrall na wenzake walieleza kuwa vifo vilikuwa vingi zaidi katika miinuko ya chini na kwenye miteremko inayoelekea kusini, ambako jua hukausha udongo mapema. Kuvu na wadudu watoboao magome walikuwepo, lakini kama wageni waliokuta mlango umekwisha kufunguliwa.

Mlango huo ulifunguliwa na kukatika kwa maji. Utafiti wa William Anderegg na wenzake (2012) ulionesha kuwa mishipa ya kupandisha maji, katika mizizi na matawi, ilijaa hewa na kupoteza uwezo wa kupitisha maji; haikuwa njaa ya sukari. Hapa kuna tofauti ya kimsingi na moto. Moto huua shina na kuuacha mzizi hai, ukiwa na akiba na amri mpya ya homoni ya kuchipua. Ukame huo uliujeruhi mzizi wenyewe. Ndiyo maana katika maeneo mengi yaliyoathirika mashina yalikufa bila wimbi la machipukizi kufuata. Paa lilipofunguka, mwanga ulioingia uliwafaidi walio chini: vichaka na nyasi. Picha ya angani ya mahali kama hapo bado ni ya kijani, lakini ni kijani cha jamii nyingine ya mimea.

7.0 Nini kipimwe

Mifano hii mitatu ina sababu tofauti, yaani wanyama, mwingiliano wa wanyama na wawindaji wao, na ukame. Inachoshiriki ni kwamba katika kila mmoja dalili ya mapema ilikuwa chini ya mita 2, na takwimu ya eneo ilichelewa kuiona. Kutokana na hilo, vipimo vinne vinapendekezwa.

(a) Idadi ya warithi. Warithi ni mashina machanga yaliyopita kimo cha mita 2 hivi, ambako elki hawezi tena kukifikia kikonyo cha juu kwa urahisi, lakini bado hayajafika kwenye paa. Machipukizi mengi mafupi si ushahidi wa afya. Yanaweza kuwa ushahidi wa kuliwa kila mwaka.

(b) Kiwango cha kuliwa kwa vikonyo vya juu, kikihesabiwa kwa aspeni na kwa vichaka vinavyopendwa. Vichaka vikibaki vifupi na vilivyosongamana kama vilivyopunguzwa kwa makasi, shinikizo ni la jumla na halihusu aspeni peke yake.

(c) Muundo wa tabaka la chini: uwiano wa vichaka vya asili, mimea ngeni na miche ya misonobari. Kipimo hiki ndicho kinachotofautisha msitu wa mpito na wa kudumu, na ndicho kinachoamua kama moto ni dawa.

(d) Sampuli ya nasibu, inayojumuisha maeneo yasiyo na machipukizi kabisa. Sifuri ni takwimu, na kuiacha nje ni kuipamba ripoti.

Vipimo hivi havihitaji vyombo vya gharama. Vinahitaji watu wenye fimbo iliyowekwa alama, daftari, na ratiba ya kurudi mahali palepale kila baada ya miaka michache.

Je, haya yanatuhusu? Aspeni haioti kwetu, na si sahihi kuhamisha kanuni zake jinsi zilivyo. Hata hivyo, mimea inayojirithisha kutoka ardhini tunayo. Mianzi ya milimani (Yushania alpina) hukua kutokana na rizomu, na machipukizi yake ni chakula cha gorila wa milimani katika safu ya Virunga, inayogawanywa na Kongo, Rwanda na Uganda. Mwanzi ni jamii ya nyasi, na hufa kwa pamoja baada ya kuchanua, jambo lisilotokea kwa aspeni. Kinachofanana ni swali tu: ramani inapoonesha ukanda wa mianzi, je, inatuambia chochote kuhusu machipukizi ya mwaka huu? Na kwa kuwa rizomu, wanyama na mvua havitambui mipaka, jibu litapatikana tu iwapo nchi hizo tatu zitahesabu kwa njia moja.

8.0 Hitimisho

Makala yameonesha kuwa katika msitu wa aspeni wenye vichaka, mti unaoonekana ni sehemu ya muda ya kiumbe kinachodumu ardhini, na kwamba vichaka ni washirika, washindani na mashahidi wa hali yake. Moto unaweza kuwa mwanzo mpya pale mzizi unapokuwa hai na midomo inapokuwa michache. Ukame unaweza kuwa mwisho hata pale ambapo hakuna aliyekata wala kuchoma. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Kwa msitu huu inafaa kuongeza kwamba kinachosimama leo kiliundwa na machipukizi yaliyonusurika miaka 100 iliyopita. Inapendekezwa, kwa hiyo, kwamba ripoti yoyote ya hali ya msitu unaojirithisha kwa mizizi au rizomu iwe na safu mbili zisizotenganishwa: eneo lililofunikwa, na idadi ya warithi kwa hekta. Safu ya kwanza ikiwa kubwa na ya pili ikiwa sifuri, mshauri wa sera anapaswa kumweleza waziri wake kwamba msitu huo bado umesimama, na kwamba muda uliobaki wa kuchukua hatua ni ule tu uliobaki katika maisha ya mashina yake ya zamani.